Zebaki machimboni: kweli au si kweli?

Kuanzia Geita hadi Chunya, wachimbaji wadogo wengi hukamatisha dhahabu kwa zebaki. Mialoni, wanakooshea mchanga wa dhahabu, husikika maneno mengi kuihusu. Tuyapime matano.

“Bora usiimeze tu.”
SI KWELI. Zebaki ya maji ikimezwa hupita tumboni na kutoka karibu yote. Balaa ni mvuke wake, unaotoka dhahabu iliyoshikwa na zebaki inapochomwa: takribani asilimia 80 ya unaovutwa hubaki mwilini, ukashambulia ubongo na figo. Hauonekani wala haunuki. Barakoa ya vumbi haiuzuii kupita, na maziwa unayokunywa baadaye hayaufuati mapafuni.

“Nikichomea nje, upepo unaupeleka mbali.”
NUSU KWELI. Sehemu hutua hapo hapo, kwenye paa, nguo na udongo. Nyingine husafiri hadi majini. Huko bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu inayozidi kujilimbikiza kila samaki mkubwa anapomla mdogo. Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 ulitokana na sumu hiyo: kiwanda cha Chisso kiliimwaga ghubani, walaji wa samaki wakaugua, na wapo watoto waliozaliwa na ulemavu.

“Samaki akiiva vizuri, sumu inatoka.”
SI KWELI. Methili-zebaki imeshikamana na protini ya mnofu. Moto hauitoi.

“Marudio yakienda kwenye sayanidi, zebaki imekwisha.”
SI KWELI. Sayanidi huiyeyusha ile iliyobaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, ikawa rahisi zaidi kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka desturi ya kutia sayanidi kwenye marudio yenye zebaki ikomeshwe, pamoja na kuchoma wazi, kuchomea kwenye makazi, na kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa.

“Ritoti inakula dhahabu.”
SI KWELI. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064. Ndani ya ritoti, chombo kilichofungwa cha kuchomea, dhahabu hubaki chini, mvuke hupoa kwenye bomba na kurudi kuwa zebaki ya kutumia tena. Anayechoma wazi ndiye anayepoteza mali. Na anayeosha mchanga vizuri kwanza, akabakiza ule mzito tu, huhitaji zebaki kidogo tu. Pengine asiihitaji kabisa.