Petard: Manowari Iliyosindikiza Askari Wetu

Katika kipindi kimoja cha msamiati hapa Kansanga tulifika kwenye neno manowari. Mwanafunzi mmoja alisema ni neno la Kiarabu kwa sababu lina sauti ya pwani. La hasha. Limetoka kwa Waingereza, ambao zamani waliiita meli ya kivita kwa maneno yenye maana ya “mtu wa vita”, na mabaharia wa pwani wakayaunganisha yakawa neno moja. Hapo akauliza swali gumu zaidi: je, destroya kwa Kiswahili ni nini?

Wako wanaotafsiri “mwangamizi”. Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi, lakini inapotosha. Mwishoni mwa karne ya 19 palitokea mashua ndogo zenye mbio zilizobeba topido, na mataifa yakaunda manowari nyembamba za kuziangamiza mashua hizo. Jina likabaki, kazi ikabadilika. Kufikia Vita Vikuu vya Pili, kazi kubwa ya destroya ilikuwa kusindikiza misafara ya meli na kuwinda nyambizi. Mimi ningependelea manowari ya kusindikiza, ingawa ni ndefu. Mfano nitakaoutoa utaonyesha kwa nini.

Petard ilijengwa na kampuni ya Vickers-Armstrongs kule Newcastle, ikashushwa majini Machi 1941 na kuanza kazi Juni 1942. Jina lake ni la baruti ya kale ya kuvunjia malango ya ngome. Ilikuwa ya kundi la P, manowari zilizoagizwa kwa haraka vita vilipoanza. Urefu wake ulikuwa mita 105, uzito zaidi ya tani 1,500, na injini zake za mvuke ziliweza kuisukuma kwa kasi ya takriban maili 36 za baharini kwa saa. Haikuwa na ngao ya chuma kizito, maana meli ya namna hii hujilinda kwa mbio. Mizinga yake ilikuwa ya inchi 4, midogo kuliko ile iliyokusudiwa mwanzoni, kwa kuwa iliweza kuelekezwa juu kupiga ndege. Uamuzi huo tutaurudia. Chini ya maji ilisikiliza kwa chombo kinachotuma sauti na kupokea mwangwi wake, na silaha yake kuu dhidi ya nyambizi ilikuwa mabomu ya kulipukia kilindini.

Sifa yake ya kwanza ilipatikana mashariki ya Bahari ya Mediterania. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1942, Petard na wenzake waliilazimisha nyambizi ya Wajerumani U-559 kuibuka. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani yake wakatoa vitabu vya maandishi ya siri, wakisaidiwa na Tommy Brown, kijana wa kantini wa miaka 16. Nyambizi ikazama ghafla na Fasson na Grazier wakiwa ndani. Vitabu hivyo viliwawezesha wataalamu wa Bletchley Park kuanza kuzisoma tena, Desemba mwaka huohuo, taarifa za nyambizi za Kijerumani zilizofichwa kwa mashine ya Enigma. Mwezi huo huo Petard, pamoja na manowari ya Kigiriki, iliizamisha nyambizi ya Italia iitwayo Uarsciek.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli tano uliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail. (Ni jina la yule mtawala wa Misri ambaye Samuel Baker alidai kuitwaa Bunyoro kwa niaba yake mwaka 1872.) Ndani yake walikuwamo watu 1,511, wakiwemo 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, wengi wao Waafrika, pamoja na wauguzi wanawake zaidi ya 50. Walikuwa wanakwenda kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo mlikuwamo pia kikosi cha 4 cha KAR kutoka Uganda, kwa ajili ya vita vya Burma. Msafara ulilindwa na manowari kubwa Hawkins, na destroya mbili: Petard na dada yake Paladin.

Jumamosi tarehe 12, yapata saa nane u nusu mchana, kusini-magharibi ya visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Haikuchukua hata dakika tatu kuzama. Wengi waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kufikia ngazi. Meli nyingine zilitawanyika kama zilivyoamriwa.

Nyambizi ikajificha chini ya mahali palepale walipokuwa wakielea manusura. Ikiachwa, ingeifuata meli nyingine yenye mamia ya watu. Mabomu ya kilindini yakitupwa, yangewaua waliokuwa majini wakinyoosha mikono kuomba msaada. Yakatupwa. Nimesoma wanaoutetea uamuzi huo na wanaoulaani, na sioni kwamba nahodha alikuwa na njia ya tatu. Lakini sitamlaumu mzazi wa askari ambaye asingekubaliana nami.

I-27 ikaibuka. Hapo ule uamuzi wa mizinga midogo ukaonekana: makombora ya inchi 4 yaliipiga mara nyingi bila kuizamisha. Paladin iliikaribia mno, ikapasuliwa ubavu. Petard ikaanza kurusha topido moja baada ya nyingine, zikapita patupu, hadi ya saba ikaivunja nyambizi. Ndiyo maana Petard hutajwa kuwa manowari iliyoshiriki kuzamisha nyambizi za nchi zote tatu adui: Ujerumani, Italia na Japani.

Katika Khedive Ismail walikufa watu 1,297. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake 6. Askari wa Kikosi cha 301 wanakumbukwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Lugha waliyoagizwa kwayo mazoezini na kazini ilikuwa Kiswahili, kile cha kijeshi ambacho walimu wetu wengi hukicheka kwa kukosa ngeli.

Petard yenyewe ilirekebishwa baada ya vita ikawa frigeti ya kuwinda nyambizi, kisha ikavunjwa kuwa vyuma chakavu huko Scotland mwaka 1967.