Ukitaka Kununua Nyumba, Umwone Mwenyewe au Umwachie Broka?

Swali hili limetufikia mara nyingi, hasa baada ya mikutano ya vikundi vya akiba hapa Ruiri. Mtu amehifadhi pesa kidogo kidogo, pengine miaka saba au minane. Sasa anataka ploti yenye nyumba karibu na soko, au kando ya barabara ya lami inayotoka Meru kwenda Isiolo. Broka anamwonyesha nyumba, nyumba inampendeza. Ikifika wakati wa kutaja bei, broka anamwambia, "Wewe niambie mimi tu, nitamfikishia mwenyewe." Je, anyamaze na kungoja, au atafute nambari ya simu ya mwenye nyumba aongee naye?

Jibu letu kwa kifupi ni hili: umwone mwenyewe, tena mapema, kabla hujatoa hata shilingi moja. Lakini kumwona mwenyewe si sawa na kumzunguka broka, wala si sawa na kufanya mambo yote wawili tu chini ya mti. Kuna mahali pa kuongea na kuna mahali pa kunyamaza.

Hebu tuanze na mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye ameturuhusu tueleze habari zake bila kumtaja jina. Alionyeshwa nyumba ya vyumba vitatu ya mabati, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia. Broka alimwambia mwenyewe anakaa Nairobi na anataka shilingi 900,000. Aliposema angependa kumpigia simu, akaambiwa, "Usimpigie, yule mzee ni mkali, ataghairi." Basi akatuma 100,000 kwa M-Pesa, kwa simu ya broka, zikaitwa pesa za kushika nyumba. Hakupewa karatasi yoyote.

Baada ya miezi miwili kukawa na harusi katika ukoo wa yule mwenye nyumba, naye akaja nyumbani. Mama huyu akajikaza akaenda kumsalimia. Kumbe mzee si mkali hata kidogo, ni mtu wa kucheka. Na kumbe alikuwa amesema anataka 700,000. Hakuwa amesikia habari ya 100,000 zilizotumwa. Zaidi ya hayo, taito ya ile ploti bado ilikuwa na jina la baba yake, ambaye amefariki, na kesi ya urithi haijawahi kufunguliwa mahakamani.

Mambo hayo matatu aliyapata kwa mazungumzo ya nusu saa, na chai.

Tofauti ile ya 200,000 si jambo geni. Mabroka wengi wa vijijini hawalipwi kamisheni, wanaweka "juu". Mwenyewe akisema bei yake, broka anaongeza yake, na anachopata katikati ni chake. Wengine wanakula pande zote mbili, wanachukua juu kutoka kwa mnunuzi na bado wanaomba asante kwa muuzaji. Kazi ya namna hiyo inawezekana tu ikiwa nyinyi wawili hamjaonana. Ndiyo maana utasikia mzee ni mkali, au mzee ni mgonjwa, au yuko ng'ambo. Inawezekana ni kweli. Lakini hata aliye ng'ambo ana simu.

Watu wengi hawajui kwamba Kenya iko na sheria juu ya kazi hii. Ni Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, na wakala anatakiwa awe amesajiliwa na bodi ya mawakala. Kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa. Sisi hatusemi mkamshtaki kila kijana anayekaa stendi na kuonyesha watu ploti. Wengine ni watu waaminifu, wanajua mipaka ya shamba kuliko mpima ardhi. Tunasema tu kwamba ukimpa pesa zako mtu asiyesajiliwa popote, siku akizima simu huna bodi ya kumpeleka.

Sasa tuje upande wa pili, maana baadhi ya wasomaji wataona tumewapa ruhusa ya kumruka broka. Hapana. Kama ni yeye aliyekuonyesha nyumba, amefanya kazi. Alipanda pikipiki kwa pesa zake, alitembea nawe kwenye jua. Kumwambia "nimebadilisha mawazo" halafu unarudi kwa mwenye nyumba usiku ili mgawane kile ambacho angepata, huo ni wizi, hata kama hakuna karani atakayeuandika. Mwambie waziwazi: "Nataka kumwona mwenyewe. Haki yako tutaiandika." Kisha mkubaliane ni pesa ngapi, atalipwa na nani na lini. Tunapendelea alipwe uhamisho ukikamilika, au sehemu moja mkataba ukitiwa sahihi na sehemu nyingine mwisho. Broka mwaminifu atakubali. Anayekataa kabisa msionane, umeshajua kwa nini.

Kwa mwenye nyumba usiende na pesa. Nenda na mtu mmoja mzima, mume au mke wako, au mzee anayeheshimika. Hapa kwetu mtu haanzi na bei. Anauliza habari za nyumbani, za mvua, za watoto. Usidharau maneno hayo, kwa sababu ndani yake ndimo utakaposikia kwamba kuna ndugu wawili wasioelewana, au kwamba kijana wa kwanza amejenga nyuma ya ile nyumba na hataki kuondoka. Uliza kwa upole: kwa nini mnauza? Nani mwingine anajua kwamba mnauza? Mama wa nyumba yuko wapi, tumsalimie?

Swali hilo la mama wa nyumba si adabu peke yake. Kwa sheria za 2012 na 2013 kuhusu uandikishaji wa ardhi na mali ya ndoa, nyumba ambayo ni mali ya ndoa haiuzwi na mmoja bila kibali cha mwenzake. Mzee anayesema "hayo ya wanawake niachie mimi" anakuuzia kesi. Tena mkifika bodi ya ardhi, wanabodi wenyewe hutaka kumwona mke, na mara nyingi watoto wakubwa pia. Heri umwone jikoni kwake kabla ya kumwona mbele ya bodi akilia.

Uliza taito iko kwa jina la nani. Ukipewa nambari ya ploti, ifanyie sachi wewe mwenyewe au kwa wakili wako, katika ofisi ya ardhi mjini Meru, au kwa mtandao wa serikali pale huduma hiyo inapopatikana. Usikubali fotokopi ya sachi uliyoletewa na anayeuza. Sachi itakuambia mwenyewe ni nani na kama kuna benki iliyoshika taito kwa deni. Haitakuambia kila kitu. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufuoni. Kampuni ilikuwa na taito mkononi na ilikuwa imelipa pesa zake, lakini ardhi ile ilikuwa imetolewa bila kufuata utaratibu tangu mwanzo. Mahakama ilisema taito iliyoanza vibaya haimkingi aliyenunua baadaye. Kwa hiyo ni lazima pia kuuliza ardhi ilitoka wapi, na wa kuulizwa ni mwenyewe, majirani na wazee wa mahali.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Sehemu ya Ruiri-Rwarera imetajwa mara nyingi katika kesi za Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru, watu wakibishania nambari za mashamba. Mahali ambapo ugawaji na upimaji haujakamilika, muuzaji hana taito. Ana nambari iliyoandikwa katika daftari la maofisa wa ugawaji, na nambari hiyo inaweza kuwekewa pingamizi. Hata kwenda mahakamani huwezi hivi hivi kabla kazi hiyo haijaisha, bila idhini ya ofisa anayehusika. Ukinunua huko, jua kwamba unanunua nambari pamoja na kungoja kwake. Bei yako iwe ya nambari, isiwe ya taito.

Mkifika kwenye bei, tafadhali usiseme una pesa ngapi. Hapa ndipo wanaoenda moja kwa moja huanguka. Broka mzuri anajua kunyamaza. Sisi tukishakunywa chai tunafunguka moyo. "Mzee, mimi nina laki nane tu, nimeuza na ng'ombe." Basi bei imeshakuwa laki nane. Taja kiasi kidogo kuliko unachoweza, toa sababu ya kweli (paa limeoza, choo kimejaa, maji hayajafika), kisha ngoja. Na chochote utakachotaja, sema pale pale: "Hii ni bei yangu iwapo sachi itakuwa safi na mkataba utaandikwa na wakili." Ukipeleka barua, maneno hayo yaandikwe humo. Usiweke sahihi karatasi isiyo nayo.

Usishikane mkono ukadhani umenunua. Tangu 2003 sheria yetu ya mikataba inasema mapatano ya kuuza ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwapo. La sivyo huwezi kwenda kortini kudai uuziwe. Karatasi ya kwa chifu inasaidia kuonyesha kwamba pesa zilitolewa, lakini chifu hana uwezo wa kuhamisha taito.

Halafu kuna bodi. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi, chini ya sheria ya 1967, na maombi yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano. Kibali kisipopatikana mapatano hayana nguvu. Mahakama nyingine zimewahurumia wanunuzi waliokaa kwenye shamba kwa miaka mingi, lakini huruma ya mahakama si kitu cha kupanga nacho maisha. Sheria hiyo inasema pesa ulizolipa unaweza kuzidai kama deni, ila utazidai kwa nani, kama zote zilipita mikononi mwa broka? Muuzaji atasema, na ni kweli, kwamba hakuona kitu.

Ukishapata wakili, mazungumzo ya moja kwa moja yapungue. Salimianeni, tembeleaneni, lakini masharti ya mkataba yapitie kwa mawakili. Tumeona watu wakiahidiana kwa simu usiku jambo ambalo mawakili wamekataa mchana, na asubuhi kila mmoja anakumbuka lake. Kama inawezekana kila upande uwe na wakili wake. Tunajua ni gharama. Wakili mmoja kwa wote wawili ni rahisi mpaka siku mnapokosana.

Kuna mtego mmoja zaidi unaowapata wanaoelewana sana. Muuzaji anasema, "Tuandike laki nne kwenye mkataba, zile nyingine unipe mkononi, ushuru upungue." Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2 ya thamani, na mijini asilimia 4, na serikali ina mthamini wake. Kwa hiyo kile unachookoa ni kidogo, tena ni kudanganya. Mambo yakiharibika utarudishiwa laki nne zilizoandikwa. Zile za mkononi hazina shahidi. Pesa zote zipitie benki, kwenye akaunti ya wakili au ya mwenye nyumba mwenyewe, na desturi ya malipo ya kwanza ni asilimia 10, si nusu.

Yule mama tuliyeanza naye alimpeleka broka kwa naibu wa chifu. Alirudishiwa 60,000; zile 40,000 broka anasema ametumia. Yeye na mzee wamekubaliana 680,000, lakini hajalipa kitu. Kabla mahakama kuthibitisha urithi, ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa, hata kama watoto wote wamekubali kwa mdomo. Mzee na ndugu zake wamefungua kesi ya urithi Meru. Dada yao mmoja aliyeolewa Isiolo alikuwa amesahauliwa kwenye orodha, ikabidi fomu ziandikwe upya, maana binti ana haki sawa na mwana. Mama anaendelea kupanga chumba kimoja hapo sokoni, pesa zake ziko kwenye akiba ya kikundi, na kila mwisho wa mwezi anampigia mzee simu wenyewe kwa wenyewe kuuliza tarehe ya korti.

Mwenye kutaka kusomewa mkataba au kuelezwa fomu za bodi aje na karatasi zake zote siku ya mkutano wa kikundi. Aje kabla ya kuweka sahihi.