Mpiga Picha wa Bangui

Labda umewahi kupigwa picha ya kitambulisho. Ulikaa kwenye stuli, ukatazama mbele, ukalipa. Kazi hiyo humpa mpiga picha chakula. Lakini picha hizo zote hufanana. Je, mpiga picha mwenye mawazo yake afanye nini?

Tumwangalie Samuel Fosso. Alizaliwa Kamerun mwaka 1962. Mwaka 1975 alifungua studio yake mjini Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Alikuwa na umri wa miaka 13! Umri huo wengi wetu tulikuwa tukichunga mbuzi. Mchana aliwapiga picha wateja, zikiwemo za pasi.

Wakati ule kamera zilitumia filamu. Filamu moja yaweza kutoa picha 36. Mteja hutaka picha yake upesi, nayo filamu haijaisha. Ukiisafisha hivyo, nafasi zilizobaki zinapotea, na umekwisha kuzinunua. Fosso hakukubali zipotee. Jioni alifunga mlango, akavaa suruali ya bugaluu na viatu vya soli nene, akajipiga picha mwenyewe. Nyingine alimpelekea bibi yake huko Nijeria, ajue kwamba mjukuu yu mzima.

Hakuna mteja aliyelipia picha hizo. Zilikaa tu ndani. Mwaka 1994 zilionyeshwa Bamako, nchini Mali, na watu wa nchi nyingi wakamjua. Miaka hiyo yote, karibu 20, waliomlisha ni wateja wa mchana.