Santa Marta: Kujua Kuogelea Hakutoshi

Hapana. Hata kama umezaliwa Tanga, Lamu au Msasani na umeoga baharini tangu utotoni, usiingie majini Arrecifes, ufukwe ulio karibu na mji wa Santa Marta. Nafundisha uokoaji wa baharini, na kila msimu wa likizo huletewa swali lilelile na ndugu zetu wanaokwenda kupumzika Kolombia, wengi wao wakitokea Marekani na Ulaya wanakoishi: "Mimi naogelea vizuri, kwa nini nikatazwe?" Nimelijibu kwa simu, kwa barua na ana kwa ana, na bado linarudi. Basi leo nalijibu kwa urefu, maana swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Linachukulia kwamba anayezama ni yule asiyejua kuogelea.

Naelewa mgeni anavyodanganyika. Santa Marta ni mji usio na haraka. Ulianzishwa mwaka 1525 na Rodrigo de Bastidas, na ni miongoni mwa miji mikongwe ya Wahispania Amerika Kusini. Mpigania uhuru Simón Bolívar alifia nje kidogo ya mji, kwenye shamba la San Pedro Alejandrino, tarehe 17 Desemba 1830, na watu bado huenda kuiona nyumba ile. Carlos Valderrama, yule kiungo wa nywele nyingi za rangi ya dhahabu, ni mtoto wa mji huu na sanamu yake imesimamishwa kwenye uwanja wa mpira wa zamani. Asubuhi unakula cayeye, ndizi mbichi zilizochemshwa zikapondwa na kunyunyiziwa jibini, chakula ambacho Mhaya au Mganda hatahitaji kuelezwa. Jioni watu wanajaa Parque de los Novios, wanakaa, wanazungumza, hakuna anayetazama saa. Na bahari ya mjini imetulia vilevile. Ghuba imeelekea magharibi, vilima vinaikinga na upepo, na kisiwa kidogo cha mwamba kiitwacho El Morro kimesimama mbele yake.

Siku ya pili mgeni anapanda basi kwenda Hifadhi ya Tayrona, mwendo wa kilomita 34 hivi, akiamini kwamba anaifuata bahari ileile. Siyo. Pwani ya Tayrona imetazama kaskazini, kwenye bahari iliyo wazi. Pepo za kutoka kaskazini mashariki zimesafiri juu ya Karibi nzima kabla ya kuifikia, na huzidi nguvu kati ya Desemba na Machi, ambao ndio msimu wa watalii. Nyuma ya ufukwe imesimama milima ya Sierra Nevada de Santa Marta, ambayo kilele chake kina urefu wa mita 5,700 hivi na hakizidi kilomita 42 kutoka baharini. Mandhari ni ya ajabu: msitu, mawe makubwa ya mviringo, mchanga wa rangi ya asali. Katikati ya uzuri huo, Arrecifes, kuna kibao kinachosema kwamba zaidi ya watu 100 wamezama hapa, na kumwomba msomaji asiongeze idadi. Watu hupiga picha na kibao, kisha huvua viatu.

Sasa niwaambie wenzangu wa pwani jambo ambalo hawapendi kulisikia. Bahari tuliyojifunzia sehemu kubwa ina ukuta. Diani, Nyali, Paje na Jambiani zina mwamba wa matumbawe mbele yake, na wimbi la bahari kuu huvunjikia huko mbali. Linalotufikia ufukweni ni mabaki. Ujuzi wetu mkubwa ni wa kusoma maji yanavyojaa na kupwa, kujua bamvua ni lini na maji mafu ni lini. Ujuzi huo una thamani kubwa kwetu, maana wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Santa Marta tofauti hiyo haifiki hata mita moja. Huko kinachotawala ni upepo na mawimbi, na mbele ya Arrecifes hakuna ukuta wa kuyazuia. Kwa hiyo miaka 30 ya kuoga ndani ya mwamba haikufundishi chochote kuhusu ufukwe ule.

Kinachoua pale ni mkondo wa kurudi. Mawimbi yanapovunjika juu ya fungu la mchanga, yanasukuma maji mengi kuelekea ufukweni. Maji hayo hayawezi kukaa hapo, lazima yarudi. Yanatafuta mahali ambapo fungu limekatika, na yote yanatokea hapo kwa kasi. Mvuvi wetu yeyote anaujua mlango wa mwamba na jinsi maji yanavyotoka humo wakati wa kupwa. Huo ni mlango wa namna hiyo, ila ni wa mchanga. Leo uko hapa, wiki ijayo umehamia pale, na huna habari.

Kasi ya kawaida ya mkondo huo ni nusu mita kwa sekunde, au pungufu. Siku mbaya umepimwa ukifikia mita 2.5 kwa sekunde. Tufanye hesabu. Mwaka 2024 jijini Paris, Mchina Pan Zhanle aliogelea mita 100 kwa sekunde 46.40, na hakuna mwanadamu aliyekuwa ameogelea umbali huo kwa kasi hiyo. Ni mita 2.16 kwa sekunde, kwenye bwawa lililotulia, baada ya kujirusha kutoka jukwaani, kwa muda usiofika dakika moja. Mtu wa kawaida anayejiita muogeleaji mzuri hafikishi mita 1 kwa sekunde, na hawezi kuishikilia kasi yake kwa dakika tano akiwa anapigwa mawimbi usoni. Bingwa wa dunia angeshindwa na mkondo ule siku mbaya. Wewe utashindwa hata siku ya wastani. Huko Marekani, zaidi ya asilimia 80 ya kazi za waokoaji kwenye fukwe za mawimbi husababishwa na mikondo ya namna hii.

Hatari haiishii hapo, maana kujua kuogelea kunamuua mtu kwa njia yake. Asiyejua hukaa mchangani. Anayejua huingia, na akiona ufukwe unasogea mbali, hufanya kile alichofundishwa: anageuka na kupiga mikono kuelekea nchi kavu. Anapigana na maji uso kwa uso. Baada ya dakika chache mikono imekuwa mizito, pumzi imekatika, wimbi linamkuta mdomo wazi. Amekufa kwa uchovu na hofu, wala hakufa kwa kukosa ujuzi.

Wapo watakaoniambia kwamba bahari humvuta mtu chini. Kwetu husemwa kwamba amechukuliwa na chunusi, zimwi la majini. Nimewasikia wazee ninaowaheshimu wakisema hivyo kwenye misiba, na siku ya msiba sibishani na mtu. Leo si siku ya msiba, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Mkondo wa kurudi hauvuti mtu chini. Unampeleka nje, juu ya maji, na mara nyingi nguvu zake huisha baada tu ya kuyapita mawimbi yanapovunjika. Aliyetulia akaelea anabaki na pumzi yake. Anayeamini kwamba kuna kitu kimemshika miguu hupiga mateke, hupiga kelele, humeza maji, na kwa kufanya hivyo hutimiza kile alichokiogopa. Imani hii ingekuwa haina madhara ningeiacha. Ila inafundisha watoto wetu kufanya kinyume kabisa cha kinachookoa, na inawapa watu wazima sababu ya kutojifunza: kama ni chunusi, mafunzo ya nini?

Kosa la mwisho ni la macho. Simama Arrecifes utazame maji. Utaona mistari ya povu jeupe, na katikati yake ukanda wa maji yaliyotulia, yenye rangi ya giza kidogo, yasiyo na mawimbi yanayovunjika. Takriban kila mgeni huchagua kuingia hapo, kwa sababu panaonekana salama. Ukanda huo ndio mkondo. Wimbi halivunjiki hapo kwa kuwa pana kina na maji yanatoka. Tazama tena kwa dakika kumi na utaona povu na mchanga vikisafiri kuelekea nje kwenye mstari huohuo. Na usiniambie utaingia hadi kiunoni tu. Maji ya kiunoni yanatosha kumwangusha mtu mzima, na akishaelea, mkondo unamchukua.

Ukichukuliwa, fanya haya kwa mpangilio huu. Kwanza elea chali, upumue. Pili inua mkono mmoja, uwaonyeshe watu kwamba unahitaji msaada. Tatu, ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ukanda, kisha rudi kwa mshazari mahali mawimbi yanapovunjika, maana huko maji yanasukuma kuelekea nchi kavu. Ukiona upande mmoja unakushinda, jaribu wa pili. Ukiona yote yanakushinda, endelea kuelea. Mikondo mingine huzunguka na kumrudisha mtu karibu. Na wewe uliyeko ufukweni, usimfuate mikono mitupu, tusije tukazika wawili. Mrushie kitu kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko, mwelekeze kwa mikono, na umtume mtu kuita walinzi wa hifadhi.

Mengine ni mepesi, nitayapitia haraka. Kuogelea: ndani ya Tayrona nenda La Piscina, mwendo mfupi kwa miguu kupita Arrecifes, ambako mawe yaliyoko baharini yanavunja mawimbi, au ghuba ya Cabo San Juan, au Playa Cristal, ambayo hufikiwa kwa boti kutoka Neguanje na ina matumbawe mazuri kwa mwenye miwani ya kuzamia. Karibu na mji kuna Bahía Concha na El Rodadero, na hii ya pili ndiyo nzuri kwa familia yenye watoto. Cañaveral na Arrecifes ni za macho tu. Palomino, upande wa mashariki, furahia mto, bahari iache.

Usafiri: basi hutoka sokoni Santa Marta hadi lango la El Zaino kwa saa moja hivi, kisha unatembea msituni. Boti za kutoka Taganga kwenda Cabo San Juan huchukua saa moja hivi, lakini miezi ya upepo bahari huchafuka sana. Huoni jaketi okozi, shuka. Majira: upepo ukipungua, mvua huja, hasa Septemba hadi Novemba. Kuanzia Januari hadi Machi maji ya baridi hupanda kutoka kilindini, joto la bahari likashuka hadi nyuzi 22 hivi, na mwili wa baridi huchoka upesi. Tarehe: kwa miaka ya karibuni hifadhi imekuwa ikifungwa mara tatu kwa mwaka, takriban wiki mbili kila mara, mwanzoni mwa Februari, mwanzoni mwa Juni, na kuanzia nusu ya pili ya Oktoba. Wakogi, Waarhuako, Wawiwa na Wakankuamo, wenyeji wa milima ile, ndio walioomba nchi yao ipumzishwe, kwa hiyo usitafute njia ya panya. Afya: chanjo ya homa ya manjano iwe imepita angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti ukibebe mkononi. Bahari imekuchosha? Panda Minca, kijiji cha kahawa mlimani, saa moja kasoro kutoka mjini.

Nendeni Santa Marta. Ni pwani nzuri, na watu wake watawapokea vizuri. Ila mkifika Arrecifes, msiishike ile methali ya kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Vaeni tena, mtembee mpaka La Piscina, na mkaogelee huko. Na kabla hamjaondoka nyumbani, wafundisheni watoto wenu kuelea chali. Hilo litawafaa Karibi, na litawafaa hapa kwetu.