Acheni Kuuliza Msuli wa Hewa Unainua Mara Ngapi Uzito Wake

Kila inapotajwa misuli bandia inayoendeshwa kwa hewa, swali la kwanza ni lile lile: inainua mara ngapi uzito wake? Wanafunzi wa uhandisi wanaliweka kwenye maandiko ya miradi, waandishi wa habari wanalifanya kichwa cha habari, na wauzaji wa vifaa vya mazoezi ya viungo wanalijibu kabla hawajaulizwa: mara elfu moja. Swali hili limenichosha, na nitaeleza kwa nini. Jibu lenyewe si uongo. Mara nyingi ni kweli kabisa, lakini ni ukweli usiomfaa mtu kwa lolote, na akishaupokea huanza kuamua vibaya. Anaamini kwamba kipo mahali fulani kifaa chepesi kama soksi ambacho, kikifungwa kwenye mguu uliopooza, kitamtembeza mgonjwa kutwa nzima. Kifaa hicho hakipo. Wala tatizo si kwamba teknolojia bado ni changa. Tatizo ni hesabu, tena hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza.

Msuli maarufu zaidi wa aina hii ni neli ya mpira iliyovikwa wavu wa nyuzi zisizovutika, zilizosukwa kwa mshazari. Bila shaka umeziona zile nyavu nyekundu za kufungia vitunguu sokoni. Uvute wavu ukiwa mtupu, unakuwa mrefu na mwembamba. Ujaze vitunguu, unanenepa na kufupika. Msuli wa hewa hufanya hivyo hivyo. Hewa ikiingia, neli inataka kutanuka, wavu unairuhusu kunenepa kwa sharti kwamba ifupike, na kule kufupika ndiko kunakovuta mzigo. Joseph McKibben, mwanafizikia wa Los Alamos nchini Marekani, aliutumia mwishoni mwa miaka ya 1950 kumsaidia binti yake aliyepooza kwa polio, ili vidole vyake viweze kushika vitu, na hadi leo msuli huo unaitwa kwa jina lake. Gesi ya kuuendesha ilitoka kwenye mtungi wa kabonidayoksaidi. Uukumbuke mtungi huo, maana wengi wanaosimulia kisa hiki husifu mpira na wavu, mtungi wakauacha nje.

Tuchukue msuli mmoja tuupime. Uwe na kipenyo cha milimita 20 na urefu wa sentimita 30, nyuzi zake ziwe zimesukwa kwa pembe ya digrii 25 kutoka kwenye mstari wa urefu wake, kisha tuujaze hewa ya baa 5, shinikizo ambalo pampu nzuri ya baiskeli inalifikia. Kwa kanuni ya kawaida, isiyohesabu msuguano, msuli huu ukizuiwa usifupike hata kidogo utavuta kwa nguvu ya nyutoni 1,290 hivi, sawa na uzito wa kilo 131. Tuseme wenyewe, pamoja na vifungio vyake, una gramu 130. Hizo hapo mara elfu moja, na bado hatujatafuta malighafi yoyote ya ajabu. Sasa tazama kinachofuata. Ukifupika kwa asilimia 10, nguvu inashuka hadi kilo 89. Ukifupika kwa robo, inabaki kilo 35. Ukikaribia asilimia 36, nyuzi zimefika digrii 54.7 na nguvu imekwisha. Ongeza hewa upendavyo, wavu haufupiki tena. Kwa hiyo namba inayotangazwa imechukuliwa pale ambapo msuli haujasogea, yaani pale ambapo haujafanya kazi yoyote. Kazi, kwa maana ya fizikia, ni nguvu mara umbali. Mzigo usiosogea haujainuliwa, umening'inizwa tu. Kipande cha mita moja cha kamba ya mkonge nacho kinaning'iniza mzigo wa mara elfu kadhaa ya uzito wake, na hakuna anayekiita msuli.

Na hata mzigo ukisogea, bado tunapima kitu kisicho chenyewe. Jeki ya mafuta ya tani 10 ina uzito wa kilo sita au saba, kwa hiyo inainua zaidi ya mara 1,400 ya uzito wake. Malori yanatembea nayo kila siku, na hakuna aliyewahi kuiita muujiza, kwa sababu kila mtu anauona mkono wa utingo ukipampu. Nguvu ni ya utingo. Jeki inageuza mwendo mrefu wa mkono wake kuwa mwendo mfupi wenye nguvu nyingi. Msuli wa hewa nao ni hivyo hivyo, ila anayepampu hayumo kwenye picha. Itazame tena video iliyokushangaza: utaona neli nyembamba inatoka kwenye msuli na kupotelea ukingoni mwa picha. Neli hiyo inaishia kwenye kompresa, pamoja na vali, mtungi na umeme wa ukutani, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowekwa kwenye mizani. Basi la mkoani lingetosha kutufundisha jambo hili. Ndani ya chemba ya breki zake kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na hewa, ambacho ni ndugu wa karibu kabisa wa msuli tunaouzungumzia. Dereva haondoki stendi mpaka mshale wa geji ya hewa umepanda, na unapandishwa na kompresa inayozungushwa na injini. Hajawahi kutokea mtu akaisifu chemba ya kilo chache kwa kulisimamisha basi zima, kwa kuwa kila dereva anajua hewa ile imetoka wapi.

Sasa tumvalishe mtu msuli wetu mguuni. Kompresa haibebeki, kwa hiyo tunampa mtungi wa lita moja uliojazwa hewa kwa baa 200. Msuli unapofupika kwa robo, ujazo wake wa ndani unapanda kutoka mililita 94 hadi 213 hivi, na nafasi yote hiyo lazima ijae hewa yenye shinikizo. Hewa hiyo ukiirudisha kwenye hali ya kawaida ni karibu lita 1.2 kwa kila mvuto, na yote inatolewa nje msuli unapolegea. Mtungi una kama lita 194 zinazotumika. Ukigawanya unapata mivuto 160 na ushei. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida hupiga hatua kama 50 kwa dakika kwa kila mguu, hivyo baada ya dakika tatu na kidogo hewa imekwisha, na hapo tumesaidia mguu mmoja kwa msuli mmoja. Kila mvuto, mambo yakienda vizuri kabisa, umetoa jouli 60, ambazo zinatosha kuinua ndoo ya maji ya lita 20 kwa sentimita 30. Upotevu hutokea kila hatua ya njia. Hewa ikishindiliwa inapata joto, na joto hilo linapotea. Ikishushwa kutoka baa 200 hadi 5 inapoteza tena. Na ule mfoko unaousikia mlango wa basi unapofunguka ni nishati iliyolipiwa ikimwagwa hewani. Hata viwandani, kwenye mitambo mizuri, umeme unaoingia kwenye kompresa hutoa kazi ya kama moja ya kumi tu kwenye ncha ya chombo.

Wapo watakaosema nawaonea watafiti. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard na MIT walionyesha misuli ya mikunjo iliyofungwa ndani ya ngozi laini, inayojikunja hewa inaponyonywa, na mmoja wenye gramu 2.6 uliinua kitu cha kilo 3. Kazi hiyo ni nzuri na naiheshimu. Wenyewe walieleza waziwazi kwamba msuli unaendeshwa kwa pampu ya kunyonya. Walioikata pampu ni wanaonakili habari. Wengine wana hoja yenye uzito zaidi, kwamba msuli wa kweli nao hauishi peke yake, unahitaji moyo, mapafu na chakula, na bado tunausifu kwa nguvu zake. Ni kweli, na ndiyo maana mchukuzi wa Kariakoo hapimwi kwa uzito wa misuli ya mkono wake. Anapimwa mtu mzima, pamoja na moyo wake na ugali alioula asubuhi. Tena msuli wa mwili una faida ambayo neli haina: unahifadhi sehemu ya nishati yake ndani ya chembe zake wenyewe, na hubadilisha kiasi cha moja ya tano ya nishati hiyo kuwa kazi. Kuna pia wanaotaja Octobot, pweza laini aliyetengenezwa Harvard mwaka 2016 bila betri wala waya, aliyejaza mikono yake kwa gesi iliyotokana na hidrojeni peroksaidi. Huyo ndiye mfano sahihi kuliko yote, kwa sababu waliomtengeneza walijua kwamba swali gumu ni gesi itoke wapi, wakalijibu kwa kemia. Hata hivyo aliweza dakika chache tu, na hakubeba mzigo wa mtu.

Hayo yote hayaondoi thamani ya misuli hii. Thamani yake ni ulaini. Ikimgonga mtu haimvunji, inashika nyanya bila kuipasua, inafuata umbo la kiungo, haina gia za kusaga mchanga, na ikilowa maji inaendelea kufanya kazi. Anayehitaji sifa hizo aitumie, ila aanze na chanzo cha shinikizo kabla ya kugusa mpira. Kazi ikiwa ya mahali pamoja, kama kwenye mstari wa kiwanda au kitanda cha mazoezi hospitalini, tumia kompresa na usahau uzito wake. Kifaa kikiwa cha kuvaliwa, shuka kwenye shinikizo dogo na pampu ndogo ya betri, na ukubali mwendo wa polepole. Vidole vinaridhika na hilo, mguu hauridhiki. Zile glovu za hewa wanazouziwa wagonjwa wa kiharusi ziko kundi hili. Zinakunja na kukunjua vidole, jambo linalosaidia viungo visikakamae, lakini haziponyi ubongo. Ziendane na jitihada ya mgonjwa mwenyewe na maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa kazi fupi, mtungi wa kabonidayoksaidi hubeba gesi nyingi zaidi kwa kuwa imo katika hali ya kimiminika, ingawa hupoa sana ikitumika kwa kasi. Ukitaka nguvu nyingi bila kupoteza nishati nyingi, badala ya hewa tia maji au mafuta, na ubebe uzito wake. Ipo misuli inayosukuma mafuta ndani ya kifuko chake kwa umeme, isiyohitaji pampu kabisa, lakini inataka maelfu ya volti na bado haijatoka sana maabara. Na mara nyingi kuliko wabunifu wanavyopenda kukiri, jibu ni mota ya kawaida.

Wanafunzi wanaotengeneza wenyewe kwa tyubu ya baiskeli na wavu wa kufunikia nyaya wajaribu kwanza kwa maji kabla ya hewa. Maji hayashindiliki, kwa hiyo neli ikipasuka yanavuja tu. Hewa ya baa 5 inarusha kifungio cha chuma machoni. Kaza ncha zote mbili vizuri, kwa sababu msuli mara nyingi hupasukia hapo. Na anayetaka kununua, iwe hospitali, chuo au familia yenye mgonjwa, aombe namba mbili kwa maandishi: uzito wa kila kitu kwa pamoja, pampu na betri vikiwemo, na idadi ya mivuto kwa chaji moja au mtungi mmoja. Muuzaji asiyeweza kutoa namba hizo, usimpe fedha yako.