Kabla ya Kukimbia, Isimame: Datsun 240Z Yarudi Barabara ya Bagamoyo

Gari la zamani lililolala bandani kwa miaka linaweza kuwaka siku ile ile linapoguswa. Betri mpya, petroli safi, plagi zikabadilishwa, kabureta zikafunguliwa na kuoshwa, na injini ikakohoa mara mbili tatu kisha ikashika. Watoto wa mtaa wanashangilia, majirani wanatoka kutazama, mwenye gari tayari ameshika usukani. Hatari inaanzia hapo. Gari sasa linaweza kuondoka, lakini hakuna aliyehakikisha kwamba linaweza kusimama.

Nimekuwa nikifuatilia kazi ya namna hiyo mjini Bagamoyo, ambako Datsun 240Z ya mzee mmoja mstaafu ilikuwa imekaa kwenye banda la mabati, mwendo mfupi tu kutoka ufukweni. Injini haikuwa na shida kubwa. Kilichokula muda, fedha na mabishano ni breki. Na kadiri nilivyokaa na fundi wake, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kwa mtu wa pwani yetu anayetaka kufufua gari la zamani, hasa gari lililoundwa kwa ajili ya kukimbia, breki ndiyo kazi yenyewe. Rangi, viti na redio vinaweza kusubiri mwakani.

Kwa msomaji kijana asiyelijua gari hili: Nissan ilizindua 240Z mwaka 1969. Lina milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, na uzito unaozidi tani moja kidogo tu. Wajapani wenyewe waliliita Fairlady. Huku kwetu lilipata heshima kwa vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya East African Safari, na nyuma yao, nafasi ya pili, ikaingia 240Z nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, safari hii akiwa na Lofty Drews. Alimaliza akiwa na pointi sawasawa na Harry Källström wa Datsun 180B, na mshindi akapatikana kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda aliyelazimika kuhamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Mashindano yale hayakuwa ya Kenya peke yake. Yalipoanza mwaka 1953 njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za kawaida, zikiwa wazi kwa mabasi, malori na ng'ombe. Bert Shankland, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Wazee wengi wa Tanzania bado wanakumbuka kupanga mstari kando ya barabara usiku kusubiri taa. Mzee mwenye Datsun ni mmoja wao, na ndiyo sababu hakukubali kuiuza hata ilipokuwa haitembei.

Gari lenyewe lililoshinda mwaka 1971 lilirudishwa Japani, likakaa kwenye hifadhi ya Nissan, na mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo wakalifufua hadi likatembea tena. Wao walikuwa na michoro ya kiwanda na karakana kamili. Fundi wa Bagamoyo ana jeki moja, mawe ya kuzuia magurudumu, kisanduku cha spana na kivuli cha mwembe. Lakini ana jambo moja ambalo wenzake wa Japani hawakuhitaji kulijua kwa undani: anajua hewa ya hapa inafanya nini kwenye chuma.

Nilikuwepo alipofungua dramu ya nyuma kushoto. Datsun hii ina diski mbele na dramu nyuma, na dramu zake ni za aluminiamu, zimevishwa chuma cha kusubu kwa ndani pale breki shuu zinapogusa. Metali mbili tofauti zikikaa pamoja kwenye hewa ya chumvi, huliana. Dramu iligoma. Fundi akapaka mafuta ya kulainisha, akaenda kunywa chai, akarudi, akaigonga kwa nyundo ya mpira akizunguka polepole, akageuza, akagonga tena. Ilipotoka, ikatoka na vumbi jekundu la kutu. Breki shuu moja ilikuwa imeachana na bitana yake. Bitana imebaki imeng'ang'ania dramuni, chuma kimebaki peke yake. Kisha akainua kiraba cha silinda ndogo ya gurudumu kwa ncha ya bisibisi, na maji ya kahawia yakamtiririkia vidoleni.

“Mzee wangu,” akasema bila kugeuka, “haya si mafuta ya breki tena. Haya ni maji.”

Alikuwa anasema kweli, na hapa inafaa tukae kidogo, maana ndilo jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani. Yananyonya kupitia tundu la hewa kwenye mfuniko wa kopo lake, kupitia hozi za mpira, taratibu, mwaka hadi mwaka, hata gari likiwa limesimama. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzijoto 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Sasa breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Mafuta yakichemka ndani ya paipu yanatoa mapovu, na mapovu, tofauti na mafuta, yanabonyea. Unakanyaga, pedali inazama hadi chini, gari linaendelea. Dakika kumi baadaye, vitu vikishapoa, breki zinarudi, na anayekuja kukagua anakuambia hakuna tatizo. Nina hakika ajali kadhaa tunazoziandika kwa maneno mawili, “kufeli breki,” zilianzia kwenye kopo la mafuta ambalo hakuna aliyelibadilisha tangu gari linunuliwe.

Na maji hayo hayaishii kuchemka. Yanalala sehemu ya chini ya silinda na kula chuma kutoka ndani. Silinda za Datsun hii zilikuwa na mashimo madogo unayoweza kuyasikia kwa ukucha. Hapo hakuna cha msasa. Ukisugua hadi shimo lipotee, silinda imetanuka na raba haitabana tena. Njia ni mbili: kununua mpya kutoka nje na kusubiri, au kumpelekea fundi wa mashine ya kuchonga aitanue kwa kipimo na kuivisha ganda jipya la chuma kisichoshika kutu. Mzee alichagua mpya kwa silinda za magurudumu. Masta silinda, ambayo ilikuwa na mikwaruzo michache tu, ikaenda Dar es Salaam kuvishwa. Dramu nazo zilichongwa kidogo, kwa kuangalia kipimo cha mwisho kilichowekwa na kiwanda; dramu iliyochongwa kupita hapo inakuwa nyembamba, inapata joto haraka na inaweza kupasuka.

Kulikuwa na mabishano juu ya hozi za mpira zinazoelekea mbele. Kwa nje zilionekana nzima, na mzee aliona ni hasara kuzitupa. Fundi akakata moja kwa kisu kwa urefu. Ndani ilikuwa imevimba hadi tundu limebaki la kupitisha sindano. Hozi ya namna hiyo inaruhusu mafuta kwenda ukikanyaga kwa nguvu, lakini ukiachia hayarudi. Breki inabaki imeshika, gari linavuta upande mmoja, gurudumu linachemka. Hakukuwa na mjadala tena.

Paipu za chuma zilibadilishwa zote. Kwenye nyumba zilizo karibu na bahari, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Bagamoyo, paipu hizi huoza kwa juu pale zinaposhikwa na vibano, mahali ambapo mchanga na chumvi hukaa na jicho halifiki. Fundi alizikunja kwa mkono, akazifuatisha na zile za zamani alizozilaza juu ya gunia, na midomo yake akaitanua na kuikunja mara mbili kwa kifaa maalumu. Mdomo uliokunjwa mara moja tu unaweza kupasuka ukibanwa.

Lazima niseme kitu kuhusu njia za mkato, kwa kuwa nimeziona na zinaniumiza. Kuna gereji ambako gurudumu likivuja mafuta, paipu yake inazibwa kwa gololi au inapondwa mdomo, na gari linarudi barabarani na breki tatu. Kuna wanaoosha raba za breki kwa petroli, wakati petroli na mafuta ya injini huvimbisha raba hizo na kuziharibu ndani ya siku chache. Zinapaswa kuoshwa kwa mafuta ya breki yenyewe. Sidhani wote wanaofanya hivyo ni watu wabaya. Wengi wanafanya kazi mbele ya mteja mwenye haraka ambaye ametenga fedha za bampa lakini hana za silinda. Gari lenye breki tatu linapoteleza sokoni, anayegongwa ni mama aliyekaa na ndizi zake, na yeye hakuwa kwenye mazungumzo yale.

Kutoa upepo kulifanyika jioni. Kanuni ya kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na kwa kuwa usukani wa gari hili uko kulia, ni la nyuma kushoto. Mjukuu wa mzee alikaa kwenye kiti, miguu ikifika kwa shida. Chini, fundi alikuwa amechomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili ikazama kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyotiwa mafuta mapya kidogo.

“Kanyaga. Shikilia, usiachie. Haya, achia taratibu.”

Mapovu makubwa yakapanda, kisha madogo, kisha mafuta ya kahawia, kisha safi. Kila baada ya muda alisimama kuongeza mafuta kwenye kopo, kwa sababu likikauka hewa inaingia upya na kazi yote inaanza moja. Chupa ya mafuta mapya aliifunga kila alipomimina. Iliyofunguliwa wiki nyingi hapa pwani haimimini kwenye gari lolote, na nadhani huo peke yake ni mtihani mzuri wa kumpima fundi.

Majaribio yalianza kwenye uwanja mtupu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, halafu kilomita 20 kwa saa, 40, hatimaye 60 kwenye kipande cha barabara kilichonyooka. Hesabu yake ni kali kuliko watu wanavyofikiri: ukizidisha mwendo mara mbili, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza linazidi mara nne. Kusimama kutoka 80 ni kazi mara nne ya kusimama kutoka 40. Pedi mpya nazo zinahitaji kuzoeshwa, kwa kukanyaga kiasi mara nyingi na kuziacha zipoe katikati, bila kulisimamisha gari ghafla na kulishikilia hapo likiwa la moto.

Baada ya hapo tukaingia barabara kuu kuelekea Dar es Salaam, fundi akiendesha, mzee pembeni, mimi nikifuata nyuma kwa gari jingine. Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga. Ni barabara inayopima breki kweli: matuta, bodaboda zinazokatiza, daladala inayosimama pale abiria alipo, malori ya mchanga, na vipande vya kilomita 50 kwa saa ambako trafiki hawana mzaha. 240Z ilinyooka kila ilipokanyagwa. Vijana wa bodaboda waliifuata wakipiga picha. Kabla ya daraja la Mto Mpiji tukageuza.

Zinga wakati wa kurudi, fundi akasimama kando na kupitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Tatu zilikuwa za vuguvugu. Ya nyuma kulia ilikuwa ya moto. Akaliinua gari kwa jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka nusu na kukwama. Waya wa hendibreki ulikuwa umekazwa mno upande huo. Akalala chini kwenye nyasi, akalegeza nati, akazungusha tena, na mara hii likaenda raundi mbili tatu kabla ya kusimama. Mzee alimuuliza kama sasa anaweza kwenda nalo hadi Msata, apite Kiwangwa kununua mananasi. Fundi akamwambia aende, ila alitembeze kila wiki, asilirudishe kulala bandani, na kabla ya masika ijayo alilete wamwage mafuta yote na kutia mapya.