Namba ya CD4 inavyopatikana

Anayehudhuria kliniki ya VVU hapa Unguja analijua swali hili: “CD4 yako ngapi?” Tangu dawa za ARV zianze kutolewa Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2005, namba hiyo imeamua mambo mazito: zamani nani aanze dawa, na hadi leo nani afuatiliwe kwa karibu zaidi. Wachache wameelezwa inatoka wapi, ilhali mgonjwa ana haki ya kujua.

CD4 yenyewe si chembe. Ni kipokezi, yaani protini iliyochomoza kwenye utando wa chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili. Huisaidia chembe kutambua vipande vya vijidudu inavyoonyeshwa na chembe nyingine. Ukitazama kwa darubini ya kawaida, chembe yenye CD4 na ndugu yake isiyokuwa nayo hufanana kabisa. Cha kuzitenganisha ni kingamwili.

Mwaka 1975 huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha chembe ya panya inayotengeneza kingamwili na chembe ya saratani isiyokoma kuzaliana. Uzao wa chembe hiyo ya muungano ukatoa kingamwili ya namna moja tu, yenye kunata mahali pamoja tu. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mwaka huohuo watafiti wa London walijaribu kingamwili 155 za namna hiyo dhidi ya virusi vya UKIMWI. Zilizonata kwenye CD4 zilikuwa 14, na zote 14 zilivizuia virusi. Wenzao wa Paris wakafikia jibu hilohilo: CD4 ndiyo mlango ambao virusi huingilia.

Kingamwili haionekani, kwa hiyo hufungwa rangi inayong’aa ikipigwa leza. Mojawapo ya rangi zinazotumika sana, fikoeritrini, hutolewa kwenye mwani mwekundu, kundi lilelile la mwani unaolimwa Paje na Jambiani tangu 1989. Mwani wa kina mama wetu huenda viwandani kutengenezewa kigandishi cha vyakula na dawa ya meno, si maabara. Hata hivyo, ningependa watoto wa skuli za pwani ya mashariki waujue udugu huo.

Ndani ya mashine ya kuhesabia chembe, chembe hupita moja moja mbele ya leza. Katika mashine nyingi kichupa cha damu huwa na shanga ndogo mno ambazo idadi yake inajulikana. Kwa kulinganisha chembe na shanga hizo, hujulikana kuna CD4 ngapi katika kila mikrolita ya damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 500 na 1,500 hivi.

Hapa ndipo penye uzito: si kila kinachong’aa ni kile unachokitafuta. Monositi, aina nyingine ya chembe nyeupe, nazo zina CD4 kiasi, ndiyo maana kingamwili ya pili huongezwa, ya kutafuta CD3, protini ambayo monositi hazina, na huhesabiwa chembe yenye zote mbili. Chembe zilizokufa hushika kingamwili yoyote ile. Tena zipo chembe hai zenye vipokezi vinavyodaka mkia wa kingamwili, bila kujali kichwa chake kinatafuta nini. Kwa hiyo katika utafiti huandaliwa kichupa cha ulinganisho, chenye kingamwili ya jamii ileile ambayo haina cha kunasa katika damu ya binadamu. Kiking’aa hicho, tatizo liko kwenye kipimo. Mimi sikubali picha ya kipokezi chochote isiyoambatana na ulinganisho wa aina hiyo, hata ikiwa nzuri vipi.

Safari ya damu nayo ina uzito wake. Damu iliyotolewa Makunduchi au Kivunge kupelekwa mjini haitakiwi kugandishwa wala kuachwa juani, na haifai kukaa siku nyingi kabla ya kupimwa. CD4 hupanda na kushuka ndani ya siku moja pia. Kwa kawaida asubuhi huwa chini kuliko jioni. Anayefuatilia namba yake ni bora atolewe damu saa zilezile kila mara.

Siku hizi mtu huanzishiwa ARV bila kusubiri CD4 ishuke. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo huo mwaka 2015. Kipimo hakijapoteza kazi. Aliye chini ya 200 huhesabiwa kuwa na ugonjwa uliokomaa, na hapo huchunguzwa kifua kikuu na fangasi wa kriptokoka, ambao huua haraka wasipogunduliwa mapema.